Kisa: CRP ya 6.8 kwa mgonjwa wa bipola, na siku kumi zilizofuata

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya afya ya akili. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, umri nimeuzungusha, tarehe nimezitoa na kuna vitu viwili vitatu nimeviacha nje kwa sababu jirani yake angemjua mara moja. Vipimo sijavigusa, pamoja na hiyo CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni, yaani kinga ya mwili ikichachamaa. Nitamwita Dada N.

## Alikuwa na hali gani kabla

Dada N ana miaka thelathini na kitu, bipola aina ya kwanza (ugonjwa wa akili ambao hisia zinapanda au kushuka kupita kiasi), aligundulika miaka tisa iliyopita na amelazwa mara mbili, zote kwa mania, yaani kupanda kupita kiasi. Anatumia lithiamu usiku pamoja na olanzapini miligramu 5, zote mbili za kuzuia hali yake isiyumbe. Tulipofika kwenye kisa hiki alikuwa amemaliza karibu miaka miwili hajayumba, anafanya kazi, analala muda wa saa saba kila usiku. Levo yake ya lithiamu, yaani kiwango chake kwenye damu, ilikuwa inacheza kati ya 0.6 na 0.7, kreatinini (kipimo cha figo) 74, thairoidi safi. Shida iliyokuwa inaonekana ni uzito, kilo 14 zimeongezeka tangu aanze olanzapini.

Anaishi na mdogo wake wa kike, mtu wa kusoma kila kitu anachokutana nacho, na hili nalisema kwa heshima maana bila yeye kisa kingeisha vibaya.

Kitu kingine. Kwenye faili, miezi saba nyuma, kuna mstari mmoja: "analalamika gego la chini kulia, ameshauriwa amwone daktari wa meno". Hakwenda. Na sisi hatukuuliza tena.

## Karatasi ya maabara

Alienda kupima afya kwa ujumla, sio kwetu, akachukua kifurushi cha vipimo vingi kwa mpigo. Karatasi ikarudi na alama nyekundu sehemu nne: CRP 6.8 mg/L (kile kipimo nyeti), ESR 34 (kipimo kingine cha inflamesheni), seli nyeupe 11.2, hemoglobini 10.9. Chini yake pameandikwa kwamba CRP juu ya 3 ni "hatari kubwa", basi, hakuna maelezo hatari ya nini. Hiyo 3 ni mipaka iliyowekwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya moyo na mishipa: chini ya 1 hatari ndogo, 1 mpaka 3 ya kati, juu ya 3 kubwa. Haina uhusiano na bipola kabisa ila karatasi haikusema.

Wakaanza kutafuta. Wakakutana na habari kwamba watu wenye bipola wana inflamesheni kwenye damu, jambo ambalo kwa ujumla wake ni kweli, ila maandishi mengine ya Kiswahili waliyoyakuta yalitumia neno "uvimbe" na hapo ndipo mambo yalipoharibika maana kwetu uvimbe ni kitu unachokishika, ni donge. Dada N akaamini ana uvimbe kwenye ubongo. Alikaa siku mbili na wazo hilo bila kumwambia mtu. (Ndio maana mimi nasema inflamesheni, ni neno baya la mkopo lakini angalau halimpi mtu donge ambalo hana.)

Akanitumia picha ya karatasi kwenye simu ya kliniki. Aliyejibu ni mimi. Nilijibu hivi: "Usijali dada, tutaangalia kliniki ijayo." Kliniki ijayo ilikuwa wiki tano mbele.

## Siku kumi

Mdogo mtu akafikiri kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri: kama shida ni inflamesheni, kuna dawa za kuzuia inflamesheni, zipo, zinauzwa bila cheti. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku. Dada N akaanza, na akajisikia vizuri! Siku ya tatu tu aliniambia baadaye kwamba mwili ulikuwa mwepesi na lile jino ambalo lilikuwa linamsumbua usiku likanyamaza. Kwao wote wawili hiyo ilikuwa ushahidi kwamba dawa imepata shabaha yake.

Siku ya sita mikono ikaanza kutetemeka zaidi ya kawaida. Siku ya nane akaanza kuharisha, wakasema labda tumbo limechafuka. Hakula vizuri, maji hakunywa ya kutosha, lithiamu akaendelea kumeza kila usiku kama tulivyomfundisha, hakuruka hata dozi moja, na huo utii wake ndio ulikuwa unamzamisha. Siku ya kumi asubuhi mdogo wake akapiga simu.

"Sista, dada anatembea kama mlevi na maneno yanamvutika."

Nikamuuliza dawa gani mpya. Akasema hakuna. Nikauliza tena kwa namna nyingine, hata ya maumivu, hata ya kununua dukani? Ndipo akasema, "Aa, ibuprofeni tu." Hiyo "tu" nimeisikia mara nyingi, watu hawahesabu dawa ya kununua bila cheti kuwa ni dawa.

## Tuliamua nini na kwa nini

Kwenye simu: asimeze lithiamu tena, asimeze ibuprofeni tena, waje sasa hivi sio kesho. Sikusubiri namba yoyote. Vidole kutikisika kidogo kwa mtu wa lithiamu ni jambo la kila siku, lakini mkono mzima kurukaruka hadi kikombe kinamwagika, pamoja na kuharisha, pamoja na kuyumba na ulimi kuwa mzito, hiyo ni sumu ya lithiamu mpaka ithibitike vingine.

Levo, saa 14 baada ya dozi ya mwisho: 1.7. Kreatinini 118. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) nzuri. Anajijua, anajua siku na mahali, anajibu taratibu.

Kwa wasiojua njia yake: figo inaishughulikia lithiamu karibu kama inavyoishughulikia chumvi. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na ndugu zao wanazuia prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, na figo inazitegemea prostaglandini kuweka damu yake ikipita vizuri. Ukizizuia, damu inapungua kwenye figo, figo inarudisha ndani chumvi na lithiamu pamoja nayo. Kisha mtu akaharisha, mwili ukakauka, figo ikashika chumvi kwa nguvu zaidi. Mambo mawili yamekutana.

Akawekewa dripu ya salaini, sodiamu ikapimwa kila baada ya saa sita kwa sababu figo zilizozoea lithiamu kwa miaka zinaweza kumwaga maji mengi na sodiamu ikapanda wakati unafikiri unamsaidia. Swali la kusafisha damu kwa mashine lilijadiliwa kwa dakika chache tu: levo haikuwa juu ya 4, hakuwa na degedege, fahamu ilikuwepo, moyo ulikuwa unapiga sawa. Tukakubaliana dripu na kumwangalia. Baada ya saa 12 levo 1.3, baada ya siku mbili 0.8. Kutetemeka kulichelewa kuisha, siku nne hivi, kwa sababu lithiamu inatoka kwenye ubongo polepole kuliko kwenye damu, kwa hiyo usimwangalie mtu kwa levo peke yake ukamruhusu aende nyumbani.

Siku ya pili ya wodi taya la kulia likavimba. Ibuprofeni imetoka mwilini, jino likasema lililokuwa linasema siku zote. Tukapima CRP: 31.

Hapa kulikuwa na ubishi. Mwenzetu mmoja alitaka tutume damu ipimwe IL-6 na TNF (saitokini, kemikali ambazo kinga ya mwili inazitumia kupeana habari), "tujue inflamesheni yake ni ya bipola au ya jino". Nilimwelewa anatoka wapi lakini swali lenyewe halijibiki kwa kipimo hicho. IL-6 inapanda kwa jino, kwa unene, kwa kukosa usingizi, kwa mania, hakuna molekuli inayokuja na lebo ya ilikotoka, na hakuna kiwango kilichokubalika kwamba juu ya hapa unabadilisha dawa ya bipola. Daktari akasema jibu lolote likirudi, kesho tutafanya kitu kile kile: tutampeleka kwenye meno. Basi tukampeleka.

Mwingine alitaka tuachane na lithiamu kabisa, tuhamie valproeti, dawa nyingine ya bipola. Tukakataa haraka. Lithiamu haikumshinda huyu mtu, imemshika miaka miwili, kilichotokea kina sababu inayojulikana na inayozuilika, na valproeti kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni habari nyingine nzito kutokana na madhara yake kwa mtoto tumboni.

Daktari wa meno akakuta usaha kwenye mzizi wa gego na fizi zinatoka damu karibu kinywa kizima. Jino liling'olewa siku ya tatu, usaha ukatoka. Alitaka kuandika metronidazo pia, tukamwomba aiache kwa kuwa imeripotiwa kupandisha lithiamu na tulikuwa tunajiandaa kuirudisha. Amoksilini, na maumivu parasetamo. Hayo tuliyaandika kwenye karatasi tukampa mgonjwa mkononi aende nayo, hatukutegemea kukumbuka kwa mtu.

## Alipoanza kupanda

Siku ya tano bila lithiamu, levo 0.5 inashuka, figo zimerudi 79, taya limetulia, CRP inaporomoka. Kila mtu wodini anafurahi. Dada N naye anafurahi, kupita kiasi. Alilala saa nne tu na asubuhi hakuwa amechoka, alikuwa anaongea na wagonjwa wenzake juu ya mpango wa kufungua biashara tatu kwa pamoja.

Jamani, hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo ningependa watu wakae nayo. CRP inashuka, yeye anapanda. Wiki chache kabla, CRP ilikuwa 6.8 na mtu ametulia kabisa. Kama kweli namba ile ilikuwa inasukuma hali yake ya akili, ilikuwa inasukuma upande gani?

Lithiamu ikarudishwa siku hiyo hiyo kwa dozi ya chini kidogo, olanzapini ikapandishwa 10 kwa wiki mbili, taa za usiku zikazimwa mapema, simu akamwachia mdogo wake. Usingizi ulirudi kwenye muda wa saa sita kwa usiku ndani ya siku nne. Mania kamili haikufika.

## Wiki nane baadaye

Levo 0.65. Kreatinini 76. Analala. CRP 3.1, ESR 22, hemoglobini 11.4 ameanza madini ya chuma, seli nyeupe 10.4. Olanzapini imerudi 5 na sasa tunaongea juu ya kuibadilisha kwa sababu ya uzito. Fizi bado zinatibiwa.

## Tukikaa chini kuichambua ile karatasi

CRP inatengenezwa na ini, hasa inapopokea amri ya IL-6. Iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, na tangu wakati huo inajulikana kwa tabia moja: inapanda kwa sababu yoyote na inashuka haraka sababu ikiondoka, nusu yake inaondoka kwenye damu kwa saa 19 hivi. Kwa hiyo ni king'ora kizuri, lakini king'ora hakikuambii moto uko chumba gani.

Je, bipola inapandisha CRP? Kwa kundi, ndiyo. Mwaka 2016 Lancet Psychiatry ilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, ukaonyesha CRP iko juu kwa watu wenye bipola kuliko wasio nayo, iko juu hata wakiwa wametulia au wakiwa na sonona, na inapanda zaidi wakati wa mania. Hilo sina ugomvi nalo. Ila wastani wa kundi kuwa tofauti haimaanishi unaweza kumchukua mtu mmoja, ukatazama namba yake, ukajua. Ukiwaweka watu mia wa upande huu na mia wa upande ule kwenye mstari mmoja kwa CRP, watakuwa wamechanganyikana vibaya mno. Na mengi yanayopandisha CRP yapo kwa wingi kwa watu wenye bipola bila kupitia ubongo: sigara, unene unaoletwa na dawa zetu wenyewe, usingizi mbovu, meno yasiyotibiwa. Mafuta ya tumboni yenyewe yanatoa IL-6. Dada N alikuwa na mawili ya wazi, kilo 14 na jino, na sisi tulikuwa nayo yote mawili kwenye faili.

ESR yake ya 34 ilinisumbua mwanzoni, baadaye nikaona hemoglobini. Upungufu wa damu unapandisha ESR, kuwa mwanamke kunapandisha, umri unapandisha, na ESR inatembea polepole, inaweza kubaki juu wiki kadhaa baada ya CRP kurudi chini. Ukiwa na vyote viwili, CRP ndiyo inakuambia ya leo.

Seli nyeupe 11.2 sasa. Lithiamu yenyewe inapandisha nutrofili (aina moja ya seli nyeupe), jambo la zamani sana hilo, hata kuna madaktari wameitumia kwa makusudi kwa wagonjwa ambao seli nyeupe zao zimeshuka. Kuna watu wanapiga hesabu ya nutrofili kugawanya kwa limfosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) kama alama ya inflamesheni kwenye bipola, na kwenye tafiti uwiano huo unapanda wakati wa mania. Kwa Dada N ulikuwa 8.1 kwa 1.9, yaani 4.3. Inaonekana kubwa mpaka ukumbuke mtu anatumia lithiamu miaka na ana usaha kwenye jino. Baada ya jino kutoka ulikuwa 3.2. Ni kiasi gani ni lithiamu na kiasi gani ni fizi, hutatenganisha kwa hesabu hiyo.

Halafu lile wazo la mdogo wake, kwamba ukizima inflamesheni utazima bipola. Sio wazo la kijinga, watafiti wamelijaribu kwa umakini. Mwaka 2019 infliksimabu, dawa inayoizuia TNF moja kwa moja, ilijaribiwa kwa watu wenye sonona ya bipola ambao walichaguliwa kwa kuwa na dalili za inflamesheni, na kwa ujumla haikuishinda dawa tupu, ile isiyo na kitu ndani ya kulinganishia. Mwaka 2020 minosaiklini na selekoksibu zilijaribiwa Pakistani kwa sonona ya bipola, nazo hazikuonyesha faida. Na hao wote walikuwa na sonona, yeye hakuwa na kitu, alikuwa ametulia! Alikuwa anatibu karatasi. Hata selekoksibu yenyewe inaweza kupandisha lithiamu, kwa hiyo mtu asidhani akiikwepa ibuprofeni amepona.

Kilichofanya kazi: mdogo wake alipiga simu, na hakusubiri. Uamuzi wa kusimamisha dawa ulifanyika kwenye simu kwa dalili bila kungoja levo. Lithiamu haikutupwa. Jino lilitafutwa kabla ya saitokini.

Kilichoharibika ni chetu zaidi kuliko chao. Nilipofungua faili kuangalia lini tulimwonya juu ya dawa za maumivu nikakuta ni mara moja, siku alipoanza lithiamu, miaka tisa nyuma, akiwa wodini kwenye mania. Mtu wa mania umwambie orodha ya dawa za kuepuka halafu uweke tiki "ameelimishwa". Hakuna aliyerudia. Jino liliandikwa na kusahauliwa. Na lile jibu langu, "usijali", lilikuwa sahihi kitabibu kwa maana CRP ya 6.8 kwa mtu aliyetulia sio dharura, unairudia baada ya wiki mbili tatu ukitafuta chanzo. Lakini yeye alishakuwa na wasiwasi wa uvimbe kichwani, na neno usijali halimwondolei mtu donge, linamwachia atafute mwenyewe pa kulipeleka. Ningeuliza tu amefanya nini tangu apate majibu, au anapanga kufanya nini, ningepata ibuprofeni siku ya kwanza.

Tumebadilisha vitu vichache. Kadi ya lithiamu sasa imeandikwa majina ya dawa za maumivu moja moja, kwa majina ambayo watu wanayatumia wakienda kununua, na mtu wa nyumbani anapewa nakala yake. Swali la meno limeingia kwenye fomu ya kila miezi sita pamoja na uzito. CRP hatujaiingiza kama kipimo cha bipola, inapimwa kukiwa na sababu: homa, mtu anayeanza klozapini (dawa nyingine ya akili) ambaye moyo wake unafuatiliwa wiki za kwanza, au kuangalia hatari ya moyo, ambayo kwa watu wenye bipola ni jambo zito kwani ugonjwa wa moyo unawaua wengi mapema.

Dada N mwenyewe bado anaitaka CRP. Kila kliniki anauliza kama tutapima, mdogo wake anataka kila mwezi. Tumekubaliana itapimwa baada ya miezi sita, siku moja na lehemu na sukari, fizi zikiwa zimekwisha kutibiwa. Ile 3.1 ameiandika nyuma ya kadi yake ya lithiamu, chini ya jina la ibuprofeni ambalo amelipigia mstari mara mbili.